Rudisha Vitu Kwenye Rafu

Jumatatu, 4 Machi

Dada yangu alinipigia tena jana akaniambia nitafute mtu wa kuongea naye. Nikamwambia naongea siku nzima, nina wanafunzi watatu. "Hao hawahesabiki, na unajua ninachosema," akajibu. Basi leo nimenunua daftari. Huu ni mwaka wa tatu tangu mume wangu afariki, na mwanangu hupiga simu akiwa na shida tu, kwa hiyo nitaongea na daftari. Angalau lenyewe halinipi ushauri.

Muhula umeanza. Darasa letu ndilo la mwisho kabisa, nyuma ya stoo, ambako walimu wengine hufika wakiwa wamepotea njia. Wanafunzi wangu wana usonji, kila mmoja kwa namna yake, na muhula huu nawafundisha jambo moja tu: kwenda dukani, kununua na kurudi. Watu wakisikia hucheka. Kununua sabuni nako kunafundishwa? Ningependa wajaribu wao kununua sabuni huku taa za duka zikiwavumia masikioni, mtu wa nyuma kwenye foleni akiwasukuma mgongoni, na wenyewe wamesahau kama inatangulia salamu au pesa.

Wa kwanza ni Kofia, miaka kumi na mitano, hajavua kofia yake tangu nimjue. Wa pili ni Redio, kumi na sita, anayejibu kila swali kwa tangazo la biashara, na mara nyingi tangazo lenyewe linafaa kuliko jibu. Wa tatu ni Karani. Ana miaka kumi na saba na huandika kila kitu: nani ameingia, saa ngapi, amevaa nini. Niko naye mwaka wa sita. Haniangalii machoni wala simlazimishi, lakini nikichelewa dakika mbili, dakika hizo zimeandikwa.

Jumanne, 5 Machi

Tumefungua duka letu la darasani. Lina rafu ya mbao niliyomlipa fundi mwenyewe, maboksi matupu na makopo yaliyooshwa. Ukutani nimebandika picha za hatua saba, kama kila mwaka: andika orodha, chukua kikapu, tafuta vitu, panga foleni, lipa, pokea chenji na risiti, rudisha vitu kwenye rafu ili mwenzako naye anunue. Keshia ni mimi. Kofia amenunua chumvi mara nne, na kila mara amenusa boksi akanitazama kama tapeli.

Mvua bado. Joto halisemeki.

Ijumaa, 8 Machi

Leo bibi yake Karani alikuja na mwanawe, mjomba wa Karani. Bibi amekula chumvi nyingi na macho yamefifia, anatembea akipapasa ukuta. Ndiye aliyemlea Karani tangu mama yake alipofariki. Mjomba alivaa koti lililopigwa pasi na saa anayoitazama kila baada ya sentensi.

Hakuzunguka mbuyu. "Mwalimu, mama hawezi tena kwenda dukani. Mimi naishi mbali na nina kazi. Kama huyu binti hawezi kumletea hata pakiti ya chumvi, mama namchukua kwangu, na binti anakwenda kituoni. Kwangu hapatoshi wawili."

"Kituo gani?"

"Kipo. Mwendo wa saa nane kwa basi. Wanalala hukohuko."

Bibi alikuwa ameng'ang'ania mkono wa kiti. "Mimi sijasema nimemchoka mjukuu wangu."

"Mama, hakuna aliyesema umemchoka."

"Basi usiseme kama nimesema."

Karani alikuwa mezani kwake anaandika. Walipoondoka nilichungulia. Ameandika: *Mjomba. Koti la kijivu. Saa nne na dakika kumi. Kituo. Saa nane kwa basi.* Chini yake amepiga mistari mitatu, na sijawahi kumwona akipiga mstari chini ya neno.

Tumekubaliana hivi: Jumamosi ya tarehe nne Mei, Karani atatoka kwa bibi yake peke yake, ataenda dukani, atanunua vitu vya nyumbani na kurudi navyo. Mjomba atakuwepo. Akiweza, anabaki. Asipoweza, anakwenda. Nilitabasamu nikasema ataweza, nikamsindikiza mgeni hadi getini. Moyoni nilimpa jina ambalo sitaliandika hapa.

Jumapili, 10 Machi

Dada alipiga. Nikamwambia nimeanza kuandika. Akauliza naandika nini. Nikasema mambo ya kazini. Akanipa habari za wajukuu wake kwa nusu saa. Alipokata simu nilibaki nimeishika.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua ya kwanza. Paa letu ni la bati na darasani hakukusikika kitu kingine. Redio aliingia chini ya meza akaziba masikio, nami nikaingia nikakaa naye. Ilipopungua akasema, "Kwa usingizi mwanana, chagua godoro bora." Nikamwambia kweli kabisa.

Jumatatu, 18 Machi

Karani amepita hatua zote saba bila kukosea, mara tano mfululizo. Mimi keshia namfanyia kila kituko: najifanya sina chenji, naongea na simu, namwambia kitu kimeisha. Hicho cha mwisho kilimshinda. Akisikia kitu kimeisha alikuwa anasimama palepale na kupunga mikono hadi machozi yanamtoka, kwa sababu orodha imesema na dunia imekataa. Sasa tumepatana kwamba kitu kisipokuwepo unaandika "hakuna" mbele yake, unaendelea. Ameipenda mno. Ameshaandika "hakuna" kwenye ratiba ya shule, mbele ya mwalimu wa michezo, na kweli hayupo tangu mwaka juzi.

Ijumaa, 22 Machi

Mvua. Nimetupa nusu ya mkate tena. Mkate hauuzwi nusu.

Jumatatu, 25 Machi

Leo tumekwenda duka la kweli. Liko kwenye kona, karibu na shule na si mbali na kwa bibi yake Karani. Lina rafu tano, kaunta moja, na keshia mwenye kucha ndefu nyekundu ambaye alitutazama tangu mlangoni.

"Hawa wanaruhusiwa?" akaniuliza mimi, wao wakiwa wamesimama mbele yake.

"Wana pesa," nikamjibu. "Wewe huziruhusu?"

Sikumpenda. Kofia alinunua chumvi, akanusa pakiti, akaonja iliyomwagikia kidoleni, akapigwa na butwaa. Redio alisoma rafu nzima ya sabuni kwa sauti ya mtangazaji hadi mteja mmoja akachukua mbili. Karani alifanya kila kitu sawasawa, akapokea risiti, akaikunja mara nne. Wingu lilikuwa linashuka, hivyo nikaubeba mfuko mwenyewe tukakimbilia shuleni.

Nimefurahi leo. Nilifika nyumbani nikitaka kumsimulia mtu habari ya Kofia na chumvi, nikaishia kuchemsha chai.

Jumatano, 3 Aprili

Nimeanza kujiondoa. Kazi yetu ndivyo ilivyo: kwanza unasimama naye mbele ya rafu, kisha mlangoni, kisha ng'ambo ya barabara, kisha hupo kabisa. Chuoni walitufundisha namna ya kumzoesha mtoto asikuhitaji. Namna ya kumzoesha mwalimu hawakuigusa. Mume wangu alijiondoa kwa siku mbili, hospitalini, na mimi nilikuwa sijazoezwa lolote.

Leo nilisimama mlangoni. Karani alipomaliza kulipa niliingia nikapokea mfuko, tukaondoka. Hakunitafuta kwa macho hata mara moja. Ndicho nilichotaka, nikaandika kwenye fomu yake: vizuri sana.

Jumatatu, 8 Aprili

Mvua siku nzima. Kofia hakuja, kofia imelowa. Mama yake alipiga simu kueleza, na alieleza kwa dakika kumi na tano. Nadhani naye yuko peke yake nyumbani.

Ijumaa, 12 Aprili

Niandike polepole, maana aibu bado haijaniisha.

Leo ilikuwa zamu ya ng'ambo ya barabara. Nilisimama chini ya kibaraza cha duka la viatu, mvua inanyesha rasharasha, Karani ameingia dukani peke yake na orodha ya vitu vinne: chumvi, sabuni, maziwa, mishumaa. Mara nikasikia mtu anakung'uta mwavuli kando yangu. Mjomba. Alikuwa amemleta mama yake kwa daktari wa macho, amemwacha kwenye foleni, na amepita kuona "mambo yanakwendaje". Nikamwambia yanakwenda vizuri, ajionee mwenyewe. Nilijivuna, sifichi.

Dakika kumi na mbili. Karani akatoka. Alivuka barabara kama tulivyofundishana, kulia, kushoto, kulia tena, risiti ameiinua juu kama kikombe cha ubingwa. Alikuwa anatabasamu. Huyu mtoto hatabasamu kwa ajili ya mtu, hutabasamu kitu kikikaa mahali pake.

"Hatua saba," akasema. "Zote."

Mjomba alichukua mfuko, akaufungua, akaugeuza juu chini. Ulikuwa mtupu.

Damu ilinipanda. Sikuuliza swali hata moja. Nilivuka barabara bila kuangalia kulia wala kushoto, nikaingia dukani, nikamsimamia keshia mbele ya wateja. "Vitu vyake viko wapi?"

"Vitu gani?"

"Mtoto amelipa, ana risiti, na mfuko mtupu. Umeona hajui kulalamika, si ndiyo?"

Yule dada aliweka kalamu chini. Hakupandisha sauti, na ndicho kilichonimaliza. "Mwalimu, alilipa. Nikampa mfuko na risiti. Akavitoa vyote, akavirudisha kwenye rafu, kimoja kimoja. Nikadhani ndilo zoezi lenu. Hata mishumaa nilimsaidia, rafu yake iko juu."

Nikaenda kuangalia. Maziwa yalikuwa kwenye maziwa. Sabuni ilikuwa kwenye sabuni, maandishi yametazama mbele, na jirani zake zote zimenyooshwa. Chumvi, mishumaa, vyote vimekaa vizuri kuliko walivyovipanga wenye duka.

Nilisimama hapo nikaelewa. Hatua ya saba niliiweka kwa raha yangu mwenyewe, nisiwe naokota maboksi kila baada ya mtoto. Miaka yote nimewafundisha kwamba mwisho wa kununua ni kurudisha. Siku ambazo nilikuwa karibu sikuliona kosa kwa sababu mfuko niliubeba mimi, nikamnyang'anya hatua ya mwisho. Karani hakukosea. Alinitii kuliko mtu yeyote alivyowahi kunitii maishani.

Keshia alituruhusu kuchukua vitu vyetu kwa risiti ileile. Sikumwomba radhi. Nilishindwa kuinua macho.

Nje nikamweleza mjomba kwamba kosa ni langu. Alisikiliza hadi mwisho, sikutarajia. Kisha akasema, "Mwalimu, naona unajitahidi. Lakini mama hawezi kupika risiti."

Karani alikuwa ameacha kutabasamu. Alikuwa anautazama mfuko uliojaa kama mtu aliyeona kazi yake imebomolewa.

Jumatatu, 15 Aprili

Nimebandua picha ya saba. Asubuhi Karani aliingia, akahesabu, akahesabu tena. Alikwenda pale palipobaki alama za gundi akaweka kiganja. Kisha akaanza kulia kwa sauti ambayo sijaisikia kwake tangu mwaka wa kwanza, akajipiga pajani, na mvua nayo ikaanza juu ya bati, Redio akaenda chini ya meza, Kofia akaivuta kofia hadi kidevuni. Nilikaa sakafuni katikati yao. Sikuwa na la kufanya ila kukaa.

Alipotulia alichukua kalamu akachora ile picha palepale ukutani. Rafu, mkono, boksi. Ameichora vizuri kuliko yangu.

Jumatano, 17 Aprili

Karani hakuja jana wala leo.

Alhamisi, 18 Aprili

Hakuja. Zimebaki siku kumi na sita. Niliandika muda niliofika kazini, kwa kuwa hakuna mwingine wa kuuandika.

Ijumaa, 19 Aprili

Nilikwenda kwao baada ya kazi. Bibi alinifungulia, akanigusa bega kujua ni nani.

"Ni wewe, mwanangu? Karibu. Angalia ndoo hapo."

Jikoni kwao ni kweli uangalie ndoo. Kila kitu kiko sakafuni: mchele kwenye ndoo, sabuni kwenye sufuria kuukuu, chumvi dirishani, mishumaa ndani ya kiatu. Bibi hakumbuki aliweka nini wapi, naye Karani hagusi. Karani alikuwa uani, kwenye ngazi, daftari limefungwa mapajani. Hakuandika nilipoingia.

"Akirudi na kitu kutoka kwa jirani," bibi alisema, "anasimama nacho mikononi. Hapo katikati. Hakiweki. Namwambia weka popote, mama. Anasimama tu."

"Popote" ni neno baya sana kwa Karani. Lakini sikulisikia hivyo mara moja. Nilikunywa chai, bibi akaniuliza nina watoto wangapi, nikasema mmoja, akauliza anakuja lini, nikasema ana kazi nyingi. Akasema wa kwake naye ana kazi nyingi. Tukanyamaza pamoja kwa raha. Sikumbuki mara ya mwisho nilinyamaza na mtu.

Nilipokuwa naosha kikombe nikakosa pa kukiweka. Nikasimama nacho katikati ya jikoni, kinachuruzika maji hadi kwenye kiwiko. Hapo ndipo nikaona.

Jumatatu, 22 Aprili

Mwalimu mkuu amenikuta mlangoni na fundi, tumebeba rafu.

"Hiyo inakwenda wapi?"

"Jikoni."

"Jikoni kwa nani? Hiyo ni mali ya shule."

"Risiti ninayo, mzee. Nimezungukwa na watu wanaotunza risiti."

Akacheka, akatupisha.

Tuliigongomea kwenye ukuta wa jikoni kwa bibi. Karani alisimama mlangoni amejikunja kama ngumi, anaitazama rafu ya darasani ikiwa nyumbani kwao. Nilibandika picha ya saba pembeni yake, ile niliyoibandua, na kumkabidhi lebo tupu. Baada ya nusu saa hivi alikuja akaandika ya kwanza: CHUMVI. Akaitoa chumvi dirishani akaiweka. Akarudi nyuma hatua mbili. Akaenda kufuata mishumaa kwenye kiatu.

Bibi alipapasa rafu kuanzia juu hadi chini, kidole kikipita kitu kwa kitu, akitaja kila alichogusa. "Sasa hata mimi naona," akasema.

Darasani kona yetu imebaki tupu, na ukuta una mchoro wa Karani. Kofia amesimama hapo asubuhi nzima akisubiri duka lifunguliwe. Nimemwambia sasa duka ni lile la kona tu.

Jumatano, 24 Aprili

Nilisimama ng'ambo ya barabara. Karani alitoka na mfuko mzito, akanipita, akaenda hadi nyumbani, akapanga vyote kwenye rafu. Hatua saba. Nilimfuata kwa mbali nikilia kwenye mvua, na uzuri wa mvua ni kwamba hakuna anayekuuliza.

Ijumaa, 26 Aprili

Nimemwomba radhi keshia. Nilikwenda peke yangu saa ya mchana, nikasubiri foleni iishe.

"Nilikuita mwizi," nikamwambia.

"Hukuniita. Uliniangalia tu."

"Ndiyo hivyohivyo."

"Ndiyo hivyohivyo," akakubali. Kisha akasema Karani amempangia rafu ya viungo bila kuombwa na bosi amemsifu yeye. Tukacheka. Nilinunua mkate. Akauliza, "Mwalimu, wewe kila siku mkate mmoja na maziwa madogo. Nyumbani mko wangapi?" Nikamjibu nina haraka.

Jumanne, 30 Aprili

Mvua haikatiki. Leo nilibaki darasani, sikwenda hata kona. Karani alienda na kurudi. Mimi niliangalia saa.

Jumamosi, 4 Mei

Saa tatu asubuhi nilikuwa jikoni kwa bibi. Masharti ya mjomba yalikuwa kwamba nisionekane barabarani, na niliyakubali. Orodha ilikuwa na vitu sita. Karani aliisoma mara mbili, akavaa koti la mvua, akaangalia saa ya ukutani, akaandika, akatoka. Mlango ulipofungwa bibi alianza kukunja kitambaa na kukikunjua.

Kwenda na kurudi ni dakika ishirini na tano.

Dakika ya kumi na tano radi ikapiga. Ilipiga karibu, sahani zikalia kwenye rafu. Niliinuka. Mjomba akainua mkono, nikakaa.

Dakika ya thelathini. Mvua ilikuwa nyeupe dirishani. Akilini nilimwona barabarani ameziba masikio, magari yanakuja, mfuko umeanguka. Niliona vitu vikibingirika. Mjomba alikuwa amesimama dirishani anafuta ukungu kwa mkono wa koti, anafuta, unarudi, anafuta tena. Nikagundua kwamba saa yake haitazami.

"Dada yangu alikuwa hivi," akasema, kwa kioo kuliko kwangu. "Mama yake huyu. Radi ikipiga anaingia kabatini. Mimi ndiye niliyekuwa namtoa." Akafuta tena. "Nina chumba kimoja na sebule, Mwalimu. Nina watoto wanne. Sikukuambia uongo."

"Najua," nikasema. Nilikuwa sijui. Miezi miwili nimemchukia mtu huyu nikidhani hajali.

Dakika ya arobaini bibi akasema, "Mfuateni mtoto." Mjomba alikuwa ameshashika kitasa mlango ulipofunguliwa wenyewe.

Karani alikuwa amelowa hadi kwenye kope. Hakumtazama mtu. Alivua viatu, akaenda kwenye rafu, akafungua mfuko uliofungwa mafundo mawili. Mchele. Chumvi. Sabuni. Maziwa. Majani ya chai. Kila kimoja akakigeuza, maandishi mbele. Kisha akaangalia saa, akaandika, akakaa kwenye ngazi ya uani.

Mjomba alichukua orodha. "Na kiberiti?"

Niliona anachokiona. Vitu vitano kati ya sita. Nilifungua mdomo nimtetee.

"Hakuna," Karani akasema kutoka nje. Na kweli, mbele ya kiberiti ameandika hakuna.

"Alitumwa vitu sita," mjomba akasema, lakini taratibu, kama anajisemea.

"Wewe!" Bibi alisema. "Ulipokuwa na umri wake nilikutuma chumvi ukarudi na pipi mdomoni na goti linatoka damu. Chumvi hatukuiona mpaka leo. Nilikupeleka kituoni?"

Mjomba aliangalia chini. Halafu mabega yakaanza kumtetemeka, nikadhani analia, kumbe anacheka. Labda vyote viwili. Alitoka uani akachuchumaa kando ya Karani, si karibu sana. Akaomba aone daftari. Alilisoma, akaniletea.

*Radi. Nimesimama kwenye kibaraza cha viatu. Nimeziba masikio. Dakika kumi na nane. Maziwa yatalowa. Nimekwenda.*

"Basi anabaki," mjomba akasema.

Bibi alinishika mikono yote miwili, akaibusu, na mimi nikacheka na kulia na kusema maneno ambayo siyakumbuki. Tulikunywa chai, moto tukaazima kwa jirani. Ilikuwa saa nzuri kuliko zote za mwaka huu.

Nilipokuwa naaga, mjomba akanisindikiza hadi barabarani na mwavuli wake. "Kwa hiyo shule amemaliza," akasema. "Mwezi ujao anatimiza kumi na minane, na mama anamhitaji asubuhi. Hakuna sababu ya kurudi tena muhula ujao, au sivyo?"

Nilikuwa nimefikiria kituo. Nilikuwa nimefikiria saa nane kwa basi. Hili la kubaki mtaa wa pili na asirudi darasani sikuwa nimelifikiria hata siku moja.

"Hakuna sababu," nikamwambia, kwa sababu ni kweli.

Ijumaa, 10 Mei

Muhula umefungwa. Karani alichukua kalamu zake, kisha kiti chake akakisukuma ndani ya meza hadi kikagota. Sikumkumbatia, hapendi. Kwenye daftari lake aliandika muda wa kutoka. Redio aliniambia, "Asante kwa kuwa mteja wetu." Wote wakaondoka. Nilifagia mara mbili.

Jumapili, 12 Mei

Dada alipiga. Nikamsimulia yote, tangu hatua ya saba hadi radi. Akasema hongera sana, umemwokoa mtoto wa watu. Akauliza, "Sasa mbona sauti yako hivyo?" Nikasema mafua.

Jumamosi, 18 Mei

Mvua imekatika. Barabara zimekauka na watu wametoka nje wengi.

Nilikwenda dukani saa nne kununua mkate. Keshia alinisalimia kwa kucha zake zote. Nikapita kwenye rafu ya sabuni, nikiwa na kikapu mkononi, sina ninachotafuta. Mtu akasimama kando yangu. Nikajua kabla sijageuka.

Karani alikuwa na kikapu na orodha. Amesuka nywele upya. Niliona mwandiko wake, vitu saba, vinne vimeshapigwa mstari. Nilikuwa na maneno mengi mdomoni. Habari za bibi, na rafu, na kwamba darasani hakuna anayeandika mimi nafika saa ngapi. Lakini mtu akiwa katikati ya orodha haingiliwi. Nimewafundisha hivyo watu wazima kumi, keshia wa kwanza wao.

Nilikuwa nimesimama mbele ya sabuni aliyokuja kuichukua.

Aliangalia bega langu, kidogo chini ya shingo, akasema kwa sauti iliyo wazi, si kubwa wala si ndogo: "Samahani, naomba kupita."

Sentensi hiyo ilituchukua miaka miwili, mimi na yeye. Tulianza na neno moja. Kwa miezi mingi alikuwa anasukuma tu, au anasimama hadi mtu aondoke mwenyewe. Ni ya kumwambia mtu usiyemjua.

Nikasogea. Akapita.